Kura ya mbunge wako ina jina lake?

Alasiri ya tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kwa kura 195 dhidi ya 106, tatu zikiharibika. Muda si muda waandamanaji wakawa ndani ya majengo ya Bunge, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Siku hizo orodha za majina zilipita simu hadi simu: huyu alisema ndiyo, huyu alisema la. Watu ambao hawajawahi kufungua Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, walikuwa wanatafuta jina la mbunge wao mstari kwa mstari.

Tangu hapo imezoeleka kusema kwamba mbunge apimwe kwa mambo mawili: kura alizopiga na miswada aliyowasilisha. Mimi naunga mkono la kwanza kwa moyo wote. La pili linanitia shaka.

Nianze na miswada, kwa kuwa ndiyo inayohesabika kirahisi. Mbunge akiwa na miswada kumi kwa jina lake, huonekana mchapakazi. Lakini mswada ukisomwa mara ya kwanza unaweza kulala kwenye kamati mpaka Bunge livunjwe, ukafa nalo. Tena Ibara ya 114 ya Katiba inambana mbunge wa kawaida: mswada wake ukigusa kodi au fedha za umma, Bunge haliwezi kuendelea nao ila kwa mapendekezo ya kamati husika, baada ya kusikia maoni ya Waziri wa Fedha. Kwa hiyo anayetafuta idadi tu atapeleka marekebisho madogo madogo ambayo hayamgharimu mtu chochote.

Kwa upande mwingine, yupo Njoki Ndung'u. Alikuwa mbunge mteule, hana hata eneo bunge, na mswada wake mmoja ukawa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Ili upite ilibidi akubali mengi: kipengele cha ubakaji ndani ya ndoa kiliondolewa, na kifungu cha 38 kikaingizwa, kile kilichomtisha mlalamishi kwa adhabu endapo madai yake yangeonekana ya uongo. Kifungu hicho kilifutwa baadaye, mwaka 2012. Kwenye jedwali la idadi, kazi yote hiyo ni "1".

Na mswada kupita si lazima iwe sifa. Mwaka 2016 Jude Njomo, wakati huo mbunge wa Kiambu, alifanikisha sheria ya kudhibiti riba za benki zisizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Joe Donde, mbunge wa zamani, alikuwa amelipigania wazo hilo miaka mingi kabla yake, na wananchi walilishangilia, kwa sababu riba zilikuwa zinawaumiza kweli. Kisha benki zikabana mikopo kwa wafanyabiashara wadogo, wale wale waliokusudiwa kuokolewa, na Novemba 2019 udhibiti ukaondolewa. Simlaumu Njomo kwa kujaribu. Ninachosema ni kwamba mswada uliofaulu bungeni unahitaji kufuatwa hadi sokoni kabla ya kumpa mtu alama.

Sasa kura. Hapa wabunge wana utetezi ambao si wa kupuuzwa. Kiranja wa chama akishatoa msimamo, anayekaidi anaweza kuondolewa kwenye kamati, na bila kamati sauti yake inafifia. Pia "ndiyo" ina ngazi. Tarehe 20 Juni, mswada uleule uliposomwa mara ya pili, matokeo yalikuwa 204 kwa 115. Mbunge aliyeunga mkono siku hiyo anaweza kusema alitaka ufike hatua ya marekebisho ili vipengele vibaya vitolewe, na kwa kweli kodi ya mkate ilikuwa miongoni mwa yale ambayo kamati ilishakubali kuyaacha. Utetezi huo naukubali kwa tarehe 20. Kwa tarehe 25 haupo tena: kusomwa mara ya tatu ni kupitisha au kuangusha.

Ziweke kura hizo mbili pamoja. Ndiyo zilipungua 9, na la nazo zikapungua 9. Ukijumlisha zote za tarehe 25, pamoja na zilizoharibika, unapata 304 katika Bunge lenye viti 349. Wengine walikuwa wapi? Yupo aliyekuwa mgonjwa, yupo aliyekuwa safarini. Lakini kwenye mswada ambao nchi nzima iliutolea macho, kutokuwepo nako ni jibu, na mpiga kura ana haki ya kuuliza sababu.

Kuna hofu nyingine, na ni ya haki: mali za baadhi ya wabunge zilishambuliwa baada ya majina kusambaa. Hakuna kura inayohalalisha nyumba ya mtu kuchomwa. Hata hivyo, dawa ya vurugu ni ulinzi na sheria. Kumficha mwakilishi kwa wale anaowawakilisha kutamwacha mwananchi akihukumu kwa basari na madarasa ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, pekee, vitu vizuri, ila havisemi lolote kuhusu kodi aliyokubali utozwe.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi orodha kama ile inavyopatikana kwa nadra. Kwa kawaida Spika huuliza, wanaokubali wanaitikia, wanaopinga wanaitikia, naye anaamua kwa sikio upande upi umeshinda. Hansard inaandika kwamba hoja imekubaliwa, basi. Majina huandikwa hasa pale wabunge wa kutosha wanaposimama kudai kura ya mgawanyiko, kengele zikalia na milango ikafungwa. Kwa hiyo ukimwomba mbunge wako rekodi yake ya kura kwa miaka mitano, sehemu kubwa ya karatasi hiyo itakuwa tupu, hata kama alihudhuria kila kikao. Kanuni za Kudumu, zile zinazoongoza vikao, zinaweza kurekebishwa na Bunge lenyewe, ili kila mswada unaposomwa mara ya tatu kura ziandikwe kwa majina. Mbunge atakayeleta hoja hiyo, hata asipoleta nyingine, mimi nitamhesabia.