Bei ya daraja haiishii siku ya kukata utepe

Karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, kwenye barabara ya vumbi inayoingia mashamba ya mpunga, kuna daraja dogo la zege lililootewa na mkuyu. Mche umefika magotini. Matundu ya kutolea maji yamezibwa na udongo, na ukiinama utaona pale zege lilipobanduka nondo zikiwa zimeshika kutu. Mtu mmoja mwenye panga na jembe angeng'oa mche ule na kuzibua matundu kwa asubuhi moja. Methali ya ufa na ukuta sote tunaijua; asiyekuwepo ni mtu aliyeandikiwa kazi ya kuziba.

Ndiyo maana naunga mkono wahandisi wanaotaka daraja lipangiwe kwa gharama ya maisha yake yote: ujenzi, ukaguzi, ukarabati, kulibadilisha likizeeka, na hasara ya wananchi likifungwa. Hiyo ya mwisho huwa hatuihesabu kabisa. Tuseme magari 300 kwa siku, matrekta ya miwa yakiwemo, yanazunguka kilomita 20 zaidi, kila kilomita Sh30. Hiyo ni Sh180,000 kwa siku. Kwa siku 180, zaidi ya Sh milioni 32. Hazionekani kwenye bajeti yoyote kwa kuwa zimetoka mifukoni mwa watu.

Lakini wanaopinga wana hoja nzito, na mahali pa kuisikiliza ni Budalang'i, Kaunti ya Busia. Pale Sigiri watu walivuka mto Nzoia kwa boti, na mwaka 2014 boti ilizama wakafa watu. Utamwambiaje mama wa pale kwamba fedha zimewekwa akiba ya kukarabati daraja la wengine? Tena daraja walilojengewa, la takriban Sh bilioni 1.2, liliporomoka tarehe 26 Juni 2017 kabla halijakamilika. Ratiba ya matengenezo ya miaka 50 isingeliokoa. Kazi mbovu huzuiwa na usimamizi wakati wa ujenzi.

Kuna tatizo lingine ndani ya hesabu yenyewe, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Gharama za mbele hupunguzwa ili zilinganishwe na fedha za leo. Sh milioni 100 za kubadilisha daraja baada ya miaka 50, kwa punguzo la asilimia 12 kwa mwaka, leo zinahesabiwa kama Sh346,000 tu. Kwa asilimia 4 zinakuwa Sh milioni 14. Daraja ni lilelile, mto ni uleule, ila anayechagua asilimia ndiye aliyekwisha kuamua kama tutajenga cha kudumu au cha bei rahisi. Na maji nayo hayatabiriki: Ziwa Victoria lilivunja rekodi ya kina chake Mei 2020, likafurika tena 2024, na pale mchanga unapochotwa karibu na nguzo, maji hula msingi haraka kuliko hesabu yoyote ilivyokadiria.

Kwa hiyo nisingeanza na programu ya kompyuta ya kukokotoa gharama hizo. Marekani ilianzisha ukaguzi wa madaraja wa nchi nzima baada ya Silver Bridge kuanguka Desemba 1967 na kuua watu 46. Kwanza ujue una madaraja mangapi na hali ya kila moja. Bila daftari hilo, gharama ya maisha yote ni kubahatisha kwa tarakimu nyingi.

Palipo na boti, pajengwe kwanza, hilo sibishi. Lakini tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita ya mafuta Julai 2024, na imeitwa ya matengenezo. Fungu lake moja, hata dogo, lifungiwe madaraja yaliyopo, lisiguswe kwa ujenzi mpya. Kaunti zikiwaita wananchi kutoa maoni ya bajeti, Kisumu, Busia au Kakamega, maswali ya kuuliza ni haya: madaraja yetu ni mangapi, kila moja lilikaguliwa lini, na nani amelipwa mwaka huu kuzibua matundu yake?