Yai Nalo Lina Usemi

Mwalimu wetu wa baiolojia alifundisha utungaji wa mimba kama mtangazaji wa mpira redioni. Mamilioni wametimua mbio, wanakata kona, mmoja kafika, gooo! Darasa zima likacheka. Yai lenyewe lilikuwa goli tu, tena lisilo na kipa.

Masimulizi yale yalitupotosha, na shahidi wangu ni panya wa Osaka.

Mwaka 2005 Naokazu Inoue, Masaru Okabe na wenzao wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walieleza protini inayokaa kwenye mbegu ya kiume. Waliiita Izumo, jina la hekalu ambako Wajapani huenda kuombea ndoa. Wakazalisha panya dume wasio na jeni yake. Mbegu za panya hao zilikuwa na umbo zuri na ziliogelea vizuri. Zilipenya hata zona pelusida, lile ganda laini linalolizunguka yai. Zilipofika kwenye utando wa yai lenyewe, zikakwama. Yaani mbio zilishinda mbegu hizo, mimba haikuingia! Watafiti walipozidunga ndani ya yai kwa sindano, ujauzito ulikua kama kawaida. Kasoro ilikuwa mlangoni.

Na mlango huo una mwenyewe. Mwaka 2014 Enrica Bianchi, Gavin Wright na wenzao wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, waligundua protini ya yai inayoshikana na Izumo. Ilikuwa ikiitwa Folr4, ikihesabiwa katika ukoo wa vipokezi vya foleti (aina ya vitamini B), yaani protini zinazoinasa, kumbe foleti haiishiki kabisa. Wakaipa jina la Juno, mungu wa kike wa ndoa wa Warumi wa kale. (Wanasayansi hawa na ndoa!) Panya jike asiye na Juno hashiki mimba. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni hiki: mbegu moja ikishaingia, yai huibandua Juno kutoka kwenye utando wake, na baada ya dakika 40 hivi karibu yote imeondoka. Anayekuja nyuma apige hodi mpaka akauke koo.

Mbegu nayo haifiki na Izumo mkononi. Huificha chini ya kifuko cha kichwani kiitwacho akrosomu, mpaka kifuko kipasuke. Ndiyo maana ule mfano uliozoeleka, kwamba mbegu ni ufunguo na yai ni kufuli, haunikai. Mwaka 2024 watafiti walioongozwa na kundi la Vienna, wakisaidiwa na AlphaFold, programu ya kompyuta inayobashiri maumbo ya protini, walionyesha kuwa Izumo husimama na protini wenzake wawili wa mbegu, Spaca6 na Tmem81. Hiyo ni posa, watu wanakwenda kwa ujumbe.

Sasa njoo mtaani kwetu. Mtoto akikosekana, macho yote kwa mke. Mume akipimwa, huhesabiwa wingi wa mbegu, mwendo na umbo, akarudi kifua mbele: "Mimi niko fiti." Panya wa Osaka naye angerudi na cheti hichohicho. Simaanishi kila mwanaume ana tatizo la Izumo. Namaanisha kipimo kile hakiulizi kama mbegu inatambulikana.

Nilimweleza hivyo jamaa mmoja kinyozini. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo yai ndilo linaloamua?"

Nikamjibu, linaamua nusu.

Akageukia kioo, akamwambia kinyozi apunguze pembeni.