Shangazi, Asali na Sindano ya Ripon

Ripon, katika kaunti ya North Yorkshire nchini Uingereza, huhesabiwa kuwa jiji kwa sababu lina kanisa kuu la askofu, lakini kwa ukubwa na kwa tabia ni mji wa soko tu, wenye wakazi wasiofika 20,000. Treni ya abiria ilikoma kufika huko mwaka 1967, kwa hiyo mgeni hushukia Harrogate na kupanda basi namba 36. Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Lamu kututembelea mimi na mke wangu, aliupenda mji huo mara tu aliposhuka kituoni, kwa kuwa watu watatu walimsalimu kabla hajafunga vifungo vya koti, jambo ambalo London haikumfanyia hata mara moja.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na uwanja wa katikati ya mji, ambao ni mraba mpana wenye mnara wa mawe uliosimamishwa mwaka 1702, ulikuwa umejaa meza za mboga, jibini, vitambaa na soksi. Waingereza hawana desturi ya kupatana bei, na muuza asali alimweleza Shangazi hivyo kwa upole mkubwa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akataja nusu ya bei, kisha akaketi kwenye kiti cha muuzaji mwenyewe ili kumpa nafasi ya kufikiri. Tuliondoka hapo na chupa nne kwa bei ya tatu.

Muuzaji alituuliza kama tunahitaji mfuko wa plastiki. Shangazi alijibu kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na kwamba yeye hakuja Ulaya kuvunja sheria za kwao. Basi chupa zote nne, kipande cha jibini la Wensleydale na soksi za sufu za wajukuu ambao idadi yao hubadilika kila mwaka, vyote vilitiwa katika mifuko ya koti langu la baridi, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa na mifuko mingi, nje na ndani.

Nikiwa nimevimba pande zote namna hiyo, tulisimama mbele ya jumba la mji, ambapo ukutani pameandikwa kwa Kiingereza cha kale maneno ya Zaburi ya 127, kwamba Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure. Mlinzi anayetajwa hapo si mfano tu. Ripon ilikuwa na mkuu wa zamu ya usiku aliyelipwa kodi na kila nyumba, na nyumba ikiibiwa usiku, yeye ndiye aliyewajibika kuwafidia wenyewe. Wa mwisho katika cheo hicho, Hugh Ripley, ndiye aliyekuwa meya wa kwanza mwaka 1604. Shangazi aliusifu mpango huo sana, akawataja watu kadhaa wa kwetu ambao angependa wautumikie, nami siwezi kuwarudia majina hapa.

Tukaingia katika kanisa kuu. Sehemu yake ya kale kuliko zote iko chini ya sakafu, nayo ni chumba kidogo cha mawe kilichojengwa na Askofu Wilfrid mwaka 672, ambacho hufikiwa kwa ngazi na ujia mwembamba unaomlazimisha mtu mzima kuinamisha kichwa. Kanisa la juu limebomolewa na kujengwa upya mara kadhaa, ila chumba hicho kimebaki palepale kwa zaidi ya miaka 1,300. Katika ukuta wake mmoja kuna kishubaka ambacho mgongo wake ulitobolewa, likawa tundu la kutokea kwenye ujia wa upande wa pili. Tundu hilo huitwa Sindano ya Mtakatifu Wilfrid. Mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni alitueleza kwamba zamani mwanamke aliyetiliwa shaka aliambiwa apenye hapo: akipita, ameonekana msafi, na akikwama, basi.

Nilimtafsiria Shangazi, kisha nikajuta. Alilitazama lile tundu, akamtazama mzee, akaniuliza kwa nini mtu mzima aliyehiji Maka anasimuliwa habari kama hiyo asubuhi yote hii. Nilimhakikishia kwamba hakuna aliyemtilia shaka. Akasema vizuri, lakini yeye hataondoka hapo na deni, na kwamba wanaume wa enzi hizo walikuwa wajanja kuwapeleka wake zao ukutani huku wao wamesimama pembeni. "Tangulia wewe, mwanangu, tuone."

Mke wangu aliliunga mkono wazo hilo kwa haraka iliyonishangaza.

Kwetu mtu hamkatalii shangazi yake mbele ya mkewe. Niliingiza mikono, kichwa na mabega bila taabu, nikaanza hata kujisifu moyoni, mpaka nilipofika kiunoni ambapo asali iligusa jiwe upande wa kulia, jibini likagusa upande wa kushoto, nikasimama. Mbele sikwenda, nyuma sikurudi. Vifungo vya koti vilikuwa chini ya tumbo langu, navyo havikufikika kwa mkono wa mtu yeyote. Nyuma yangu nilimsikia Shangazi akisoma, kwa sauti tulivu ya darasani, ile aya ya Sura ya Al-A'raf inayosema kuhusu wale ambao hawataingia Peponi mpaka ngamia apite katika tundu ya sindano.

Wakati huohuo, katika ule ujia ambako nusu yangu ya juu ilikuwa imetokeza, ukafika msafara wa wanafunzi wadogo wakiwa wameshikana mikono. Walisimama. Mtoto wa kwanza alinitazama usoni kwa makini, akamgeukia mwalimu wake na kumuuliza kama mimi nami ni wa mwaka 672. Mwalimu akamwambia asiguse kitu. Nilisema habari za asubuhi, na nusu ya darasa ikapiga kelele.

Waliokuwa nyuma yao hawakulalamika, kwa kuwa Waingereza wakiona foleni huiheshimu hata kama mwisho wake ni mtu aliyekwama ukutani. Mama mmoja aliniomba radhi kwa kunipita. Mke wangu alinivuta miguu, kiatu kikatoka. Ndipo Shangazi akapaza sauti kwa hofu ya kweli, ambayo mpaka hapo hakuwa ameionyesha: "Asali yangu!" Akaanza kuipakua mifuko mmoja baada ya mwingine, akiziondoa chupa kwanza, kisha soksi, na mwisho jibini, lililokuwa limekuwa bapa kama chapati. Ilipotoka chupa ya nne nilichomoka ghafla na kutua katikati ya wanafunzi, nao wakapiga makofi.

Mjadala ulitufuata hadi juu, kwenye viti vya mbao vya kwaya vilivyochongwa mwishoni mwa karne ya 15, ambapo chini ya kiti kimoja yumo sungura anayetoroka kwa kujitumbukiza shimoni. Shangazi alishikilia kwamba nimepita. Mke wangu alisema nimepitishwa, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Tulibaki mjini hadi saa tatu usiku, kwa sababu kila usiku saa hiyo mpiga pembe wa Ripon, aliyevaa kofia ya pembe tatu, huipuliza pembe kwenye kila kona ya ule mnara, kisha humwendea Meya kumwarifu kwamba zamu imewekwa. Shangazi alimsikiliza kwa jicho la mjuzi, maana ametoka katika mji wenye siwa, yaani baragumu kubwa la heshima, ya shaba, tena jirani yake Pate ilikuwa na ya pembe ya ndovu. Alitoa hukumu kwamba pumzi ni nzuri. Kisha akaniagiza nimuulize yule bwana kama mtu aliyekwama ukutani mchana, habari zake nazo hupelekwa kwa Meya.

Nilimuuliza pembe ina uzito gani. Mke wangu akanikatiza, akamtafsiria swali lenyewe neno kwa neno. Mpiga pembe alitaka kujua mtu huyo ni nani. Shangazi alininyooshea kidole, na mke wangu, ili pasiwe na shaka, akaniwashia tochi ya simu.