Nani Aipe Tasnifu ya Sayansi Vichwa vya Mada?

Wanaotaka maktaba za vyuo vikuu ziache kuzipa tasnifu za sayansi vichwa vya mada (majina rasmi ya mada ambayo mkutubi huyaweka kwenye rekodi ya kazi katika katalogi) wana hoja isiyopuuzika. Tasnifu siku hizi huwekwa mtandaoni nzima, pamoja na ikisiri na maneno muhimu aliyoyachagua mwandishi, ambaye bila shaka anaijua mada yake kuliko mkutubi aliyesomea fani nyingine. Isitoshe, mwongozo wa Maktaba ya Bunge la Marekani hushauri kichwa kitolewe kwa mada iliyochukua angalau asilimia 20 ya kazi. Hivyo mbinu mpya ya maabara iliyoelezwa katika sura moja fupi, ambayo pengine ndiyo inayotafutwa na wengine, huachwa nje.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mwandishi na mtafutaji wanatumia maneno yale yale. Tuchukue bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo. Aliitwa Campylobacter pylori hadi 1989, alipohamishiwa jenasi mpya na kuitwa Helicobacter pylori. Tasnifu ya 1987 haina jina hilo jipya popote, si katika ikisiri, si katika kurasa zake zote, na mwandishi wake hawezi kulaumiwa kwa kutolitabiri. Anayetafuta leo kwa jina la Helicobacter ataifikia iwapo mkutubi ameiweka chini ya kichwa kimoja na zilizoifuata; vinginevyo kompyuta itaisoma neno kwa neno na kuipita.

Ukubwa wa pengo hili ulipimwa na watafiti Tina Gross na Arlene Taylor mwaka 2005: zaidi ya theluthi moja ya rekodi zilizopatikana katika katalogi kwa kutafuta maneno ya kawaida zisingepatikana kama vichwa vya mada visingekuwemo. Yaani hata msomaji anayeapa kwamba hajawahi kuvitumia (na wasomaji wa namna hiyo ni wengi) huletewa navyo sehemu kubwa ya anachokiona. Ilidaiwa kwamba muhtasari na orodha za yaliyomo zingetosha. Utafiti uliorudiwa katika katalogi ile ile baada ya kuongezwa vitu hivyo, ukachapishwa 2015, ulikuta kiasi ambacho kingepotea bado ni kikubwa. Maneno muhimu ya mwandishi nayo mara nyingi hujazwa dakika za mwisho, yakirudia yaliyomo tayari katika jina la tasnifu.

Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Ufini, hakikulazimika kuchagua upande mmoja. Annif, programu ya Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo, humpendekezea mwanafunzi anayepakia tasnifu yake mada kutoka orodha rasmi. Yeye huchagua, kisha mkutubi hukagua. Kwa tasnifu mpya, utaratibu huo unapunguza gharama bila kumtupa mwandishi. Kwa zile za zamani zilizoskaniwa, ambazo waandishi wake hawapo tena wa kuulizwa, mzigo unabaki kwa mkutubi, na huko ndiko fedha chache zilizopo zingepaswa kuelekezwa kwanza.