Kasuku Amekufa, Muuzaji Anasema Amepumzika

Mteja anaingia duka la wanyama na tundu mkononi. Ndani mna kasuku aliyemnunua hapo hapo, hata nusu saa haijatimia, na kasuku huyo amekufa. Muuzaji anamkagua, anasema la, amepumzika. Mteja anampigia kelele ndege, anamgongesha kaunta, anamrusha juu aanguke sakafuni kama gogo. Muuzaji hatikisiki. Atakuwa amezubaa tu, au anatamani kwao Norway. Mwishowe inagundulika kwamba kasuku alikuwa amesimama kwenye kijiti kwa sababu amepigiliwa misumari miguuni. Hilo nalo lina jibu: asingepigiliwa, angezipinda nondo za tundu kwa mdomo akaruka zake.

Kichekesho hicho kilirushwa na BBC tarehe 7 Desemba 1969, John Cleese akiwa mteja na Michael Palin muuzaji, katika kipindi kilichoitwa Monty Python's Flying Circus. Nimekitazama mpaka majibu nayasema kabla Palin hajafungua mdomo, na bado nacheka. Ndege mwenyewe hana cha kuchekesha, ni mdoli tu. Ninachokicheka ni macho makavu ya Palin, mtu anayejua kabisa kwamba anadanganya, anajua kwamba unajua, na hana haraka.

Husemwa kilikuwa kipindi cha wazimu. Wazimu ulikuwemo, tena wa kumwaga, ila wenye kuufanya walikuwa makarani, watangazaji wa habari, wanajeshi wastaafu na wakubwa wa serikali, watu waliofunga tai wakazungumza kwa adabu. Ndiyo maana hakijazeeka. Vipindi vya watu wanaokunja sura na kuanguka ovyo vimejaa, na vingi vimesahaulika.

Hata huyo kasuku alianza kama gari. Mwaka 1968, katika kipindi kingine alichoandika Cleese na wenzake, Graham Chapman alirudisha gari bovu kwa muuzaji, na muuzaji, Palin huyo huyo, akawa anakana kila kasoro huku gari likimeguka mbele yao. Wazo lilitoka kwa fundi wa Palin mwenyewe, ambaye kila akitajiwa ubovu alikuwa na maelezo ya kuonyesha kwamba huo si ubovu. Nani kati yetu hana fundi wa namna hiyo? Wangu aliwahi kuniambia kwamba mlio ule ni gari "linajizoeza".

Kwangu mimi, hata hivyo, kilele cha kipindi chote ni Wizara ya Miendo ya Kipuuzi, iliyoonyeshwa Septemba 1970. Cleese, mrefu kama mnazi, suti nyeusi, kofia ya duara, mkoba mkononi, anakwenda kazini akirusha miguu hewani, mmoja huku, mwingine kule, kiuno juu hakitikisiki. Anafika ofisini. Humo anasubiriwa na mwananchi aliyeleta ombi la fedha za serikali ili aendeleze mwendo wake. Mwananchi anatembea. Ofisa anatazama, anafikiri, kisha anatoa tathmini kwa masikitiko: mguu wa kulia hauna upuuzi wowote, na wa kushoto unageuka kidogo tu, tena hatua moja moja. Halafu analalamikia bajeti. Ulinzi, afya, nyumba, elimu na miendo ya kipuuzi zinatakiwa kupata mgawo sawa, lakini sasa ulinzi unapendelewa! Kahawa inaletwa na mama mwenye mwendo wake wa kipuuzi, na kwa hiyo inafika imemwagika yote.

Watu wengi huikumbuka miguu ya Cleese tu. Mimi nakumbuka ile sauti ya kiofisi, upole wa mtu anayekunyima kitu kwa kufuata utaratibu. Sisi tulirithi meza zile, mafaili yale, mihuri ile ile. Nilipata kuambiwa katika ofisi fulani kwamba barua yangu haiwezi kupokelewa kwa sababu haina muhuri wa kuonyesha kwamba imepokelewa. Karani alisema hivyo bila kutabasamu, akaongeza lile neno letu mashuhuri, njoo kesho. Nikatoka nikicheka peke yangu, mlinzi akanitazama kwa wasiwasi.

Wenye kipindi walikuwa sita. Cleese, Chapman na Eric Idle walitoka chuo kikuu cha Cambridge, Palin na Terry Jones walitoka Oxford, na Terry Gilliam alikuwa Mmarekani aliyetengeneza katuni kwa kukatakata picha za zamani. Mguu mkubwa unaoshuka kutoka juu na kuponda kila kitu ameukata kwenye mchoro wa Bronzino, mchoraji wa Kiitaliano wa zamani, uliopo katika jumba la picha la National Gallery, London. Muziki wa mwanzo ni wa gwaride, wa John Philip Sousa, wa mwaka 1893. Chapman alisomea udaktari. Unaona basi: wasomi waliofundishwa hoja na taratibu, wakavitumia vyote kuthibitisha mambo yasiyothibitika.

Na walifanya jambo ambalo wachekeshaji wa leo, wa kwao na wa kwetu, bado wanaliogopa. Waliacha kutafuta neno la mwisho la kuchekesha. Kichekesho kikishachoka, kinakatwa. Anaingia mwanajeshi mwenye masharubu anasema huu sasa umekuwa upuuzi mtupu, acheni. Au kipande cha katuni kinakimeza na kukitapika mahali pengine kabisa. Hata kasuku hana mwisho wa maana. Mchekeshaji Spike Milligan alikuwa amewatangulia kwa mtindo huo miezi michache tu kabla, katika kipindi chake cha BBC cha mwaka huo huo wa 1969, lakini hawa ndio walioufanya usimame kama nyumba.

Si kila kitu nakitetea. Wanawake wengi waliigizwa na wanaume waliovaa magauni na kubana sauti; Jones alikuwa bingwa wa hilo, sawa, lakini Carol Cleveland, mwigizaji hodari, mara nyingi aliitwa kuja kuwa mrembo tu. Kuna vipande ambamo Wazungu wamejipaka rangi usoni waigize watu weusi. Hivyo sivicheki, wala sihitaji kuambiwa zama zilikuwa zama. Vingine vinachosha tu, virefu kuliko wazo lenyewe.

Lakini kuna ile mechi ya wanafalsafa! Hii haimo katika vipindi 45 vya BBC, ilitengenezwa mwaka 1972 kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani. Ugiriki dhidi ya Ujerumani, wachezaji ni wanafalsafa wa pande zote mbili, na katikati ya Wajerumani kasimamishwa Franz Beckenbauer, mchezaji mpira wa kweli. Mwamuzi ni Confucius, mwanafalsafa wa Kichina. Kipenga kinalia, na hakuna anayegusa mpira. Wote wanazunguka uwanjani, mikono mgongoni, wakiwaza. Nietzsche anaonyeshwa kadi kwa kumwambia Confucius kwamba hana hiari. Dakika ya 89 Archimedes anapata wazo: kwa nini tusiupige? Ugiriki inashuka kwa kasi, Socrates anafunga kwa kichwa. Wajerumani wanamzingira mwamuzi, Hegel anadai uhalisi wenyewe una mashaka, na Marx anasema mfungaji ameotea. Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza ubishi wa Simba na Yanga kibarazani atajua kwamba Marx ndiye peke yake aliyekuwa na hoja. Marudio ya picha yanampa haki kabisa.

Chapman alifariki tarehe 4 Oktoba 1989, siku moja kabla kipindi hakijatimiza miaka 20. Kwenye kumbukumbu yake Cleese alisimama akamtaja kwa maneno yale yale ya duka la wanyama, kwamba hayupo tena, amekoma kuwa, kisha akamtukana marehemu mbele ya waombolezaji, akaeleza kwamba Chapman asingemsamehe kama angeikosa nafasi ile ya kuwashtua watu. Kwetu tuna watani msibani, tunaijua kazi hiyo.

Palin yeye aligeuka msafiri. Mwaka 1991, akitoka Ncha ya Kaskazini kwenda ya Kusini kwa ajili ya BBC, alifika Kigoma akapanda MV Liemba kuteremka Ziwa Tanganyika mpaka Mpulungu, Zambia. Meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe vitani, ikaibuliwa na Waingereza, ikarudi kubeba abiria na dagaa. Wangeiandika Palin na wenzake, BBC wangewaambia wamezidisha. Nikiitazama safari ile humwona bado kijana wa kile kichekesho chao cha ngoma ya samaki: wanaume wawili wamevaa kaki na kofia ngumu za mabwana shauri, kando ya mfereji, Palin anarukaruka kwa muziki akimgusa Cleese mashavuni kwa visamaki viwili, muziki unakoma, Cleese anainua samaki mkubwa, anamzaba naye, Palin anatumbukia majini. Haifiki nusu dakika. Babu yangu, aliyelipa kodi kwa wenye kofia zile, angeomba irudiwe.

Tangu mwishoni mwa 2008 Monty Python wenyewe wana chaneli yao YouTube, na vipande vingi vimo humo. Vijana wanaoandika programu kwa lugha ya Python wajue jina limetoka huku, si kwa chatu. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni msimu wa pili, wa 1970, kipindi cha kwanza kabisa. Endelea na cha pili, chenye makadinali wekundu wa Hispania wanaovamia sebule ya watu na kumtesa bibi kizee kwa mito laini. Msimu wa nne, wa 1974, una vipindi sita tu na Cleese hayumo. Uache mpaka uishiwe.