Kigae cha kaburi kirudi kaburini

Kwenye magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, kuna makaburi yenye mashimo ya duara. Humo ndimo yalimokaa mabakuli ya kaure kutoka China, yakiwaka juani. Niliingiza mkono katika shimo moja nikahisi chokaa bado imeshika umbo la kitako cha bakuli. Tangu siku hiyo, nikiona kigae cha kaburi, kile kipande cha udongo wa kuchoma kilichopamba ukuta wake, ndani ya kabati la kioo la makumbusho, naulizia ukuta wake.

Chukua kaburi la Buyan Quli Khan kule Bukhara, Uzbekistan. Alikuwa khan, yaani mtawala, wa ukoo wa Kimongolia wa Chagatai, akauawa mwaka 1358, na kaburi lake liko ubavuni mwa lile la sheikh Sayf al-Din Bakharzi. Mafundi wa vigae vyake hawakuridhika kuchora juu ya udongo. Waliuchonga kabla haujachomwa, ukiwa umekauka kiasi cha kushika kisu bila kubomoka: majani, mizabibu, herufi zinazopitana kama nyuzi za mkeka. Kisha tanuri, kisha rangi ya kioo, kisha tanuri tena. Shaba ikatoa feruzi, bati likatoa weupe, manganizi ikatoa zambarau. Nakshi iliyozama hivyo huishi kwa kivuli. Jua la asubuhi huiamsha upande mmoja, la alasiri upande mwingine. Baadhi ya vipande vyake leo viko London. Kipande kilichowekwa chini ya taa isiyosogea kimepoteza nusu ya kazi ya fundi, hata kikipanguswa vumbi kila siku.

Linaloniuma zaidi ni la Varamin, Iran, kwenye kaburi la Imamzada Yahya, mzawa wa maimamu wa Shia. Kuta zake zilivalishwa nyota na misalaba ya vigae vya mji wa Kashan vyenye mng'aro wa dhahabu, vingi vya mwaka 1262, na pembezoni mwake zimeandikwa aya za Qur'ani. Mihrabu yake ya mwaka 1265 ina sahihi ya Ali ibn Muhammad ibn Abi Tahir, fundi wa ukoo uliorithishana ufinyanzi huo baba kwa mwana. Katika karne ya 19 vigae vikabanduliwa na kuuzwa. Nyota zimetawanyika katika makumbusho ya nchi nyingi, na mihrabu iko Honolulu, katikati ya bahari ya Pasifiki.

Husemwa kwamba vimeokolewa, vingebaki kule vingepotea. Sikubali. Vilibanduliwa kwa sababu kulikuwa na wanunuzi, na aya iliyowekwa imsomee maiti haikuwa mali ya kuuzwa na mtu yeyote. Virudishwe. Vikichelewa, basi kibao cha makumbusho kianze na jina la aliyezikwa, ndipo lije jina la aliyenunua.

Kaburi la Varamin halijawa gofu. Watu bado wanaingia, wanavua viatu, wanasali wakielekea ukuta ambao mihrabu yake iling'olewa.