Kanisa la darini: unafiki au busara?

Mwaka 1663 mfanyabiashara Mkatoliki Jan Hartman alimaliza kujenga kanisa ndani ya nyumba zake tatu zilizopakana mjini Amsterdam. Ukipita nje unaona nyumba ya kawaida ya ukingoni mwa mfereji. Ukipanda ngazi unakuta orofa za juu zimeunganishwa, zina altare na nafasi ya waumini wengi.

Wapo wanaosema huo ulikuwa unafiki wa Waholanzi, na wana hoja. Mkataba wa Utrecht wa 1579, ulioyaunganisha majimbo ya Uholanzi, uliahidi kwamba mtu hatasakamwa kwa sababu ya dini yake, lakini punde misa ikapigwa marufuku hadharani. Walutheri na Wayahudi wa mji huohuo waliabudu waziwazi; sinagogi kubwa la Wareno la 1675 lipo mpaka leo.

Kinachowakera zaidi wakosoaji hao ni pesa. Wakatoliki walimlipa ofisa wa sheria wa mji ili asiwabughudhi. Ilikuwa rushwa, nami siipi jina jingine. Ila tazameni ilivyofanya kazi. Wachungaji wa Kikalvini, yaani wa kanisa rasmi la Kiprotestanti, walipodai makanisa hayo yafungwe, aliyetakiwa kuyafunga ndiye aliyefaidika yakiendelea, kwa hiyo hakuwa na haraka. Ni kweli kwamba akipandisha dau, hapakuwa na wa kumshtakia. Lakini majirani waliowaona watu wakiingia Jumapili hawakudanganyika hata kidogo. Walichagua funika kombe mwanaharamu apite: Wakalvini wakabaki na heshima ya kanisa rasmi, Wakatoliki wakabaki na misa yao.

Wanaodai haki iandikwe wazi waitazame Ufaransa. Waprotestanti kule walikuwa na amri ya mfalme, ya Nantes, tangu 1598. Mwaka 1685 Louis XIV akaifuta, mahekalu yao yakabomolewa, na watu wapatao 200,000 wakakimbia nchi, maelfu yao wakaishia Uholanzi. Haki ya maandishi ilidumu miaka 87. Kanisa la Hartman, lililoanza bila haki yoyote ya maandishi, liliendelea kutumika hadi 1887.

Nisichoweza kukitetea ni vyeo. Hadi Jamhuri ya Uholanzi ilipoanguka mwaka 1795, Mkatoliki angeweza kutajirika Amsterdam na kusali darini kwake, ila kiti katika baraza la mji hakukipata, na hapo hapakuwa na ofisa wa kumlipa.